Dakika Mbili, Soko la Chavakali

Walinipa saa niishike kwa sababu mbili:
mimi ni fundi wa saa, na nina kigugumizi.
"Kazi isiyotaka maneno, Asava," alisema mwenyekiti,
akaniwekea mezani kengele ya shule,
ile ya shaba, yenye ufa.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha,
matope yanashika viatu kama mdai.
Vibanda vipya arubaini, mabati yanang'aa,
kila kimoja futi sita kwa nane.
Nambari tulizichota jana kwenye kofia ya Chahilu,
mmoja mmoja, macho yamefumbwa.
Hakuna aliyependelewa. Nasema hivyo hadi leo.
Sasa ni malalamiko: kila mtu dakika mbili.

Amugune wa mitumba alitangulia.
Bati lake limetoboka, maji yanadondokea marobota,
alikuwa amefika "na mke wangu akaniambia"
nikapiga kengele.
Akaketi, sentensi mdomoni kama kiazi cha moto.

Wakafuata wa mboga, wa omena, kinyozi.
Niliwakata pale pale mshale ulipogusa kumi na mbili,
na nilifurahia, sitaficha.
Maisha yangu yote watu hunimalizia maneno.

Kisha Mideva wa ndizi.
Hasikii tangu surua ya utotoni.
Alikuja na mjukuu wake Kageha, miaka tisa,
sare ya shule, soksi moja imeshuka.

Mikono ikaanza.
Mabega yakarudi nyuma, nyuma, yakawa lori.
Akagusa sikio, akalifunga kama mlango.
Mtoto alitazama kwanza, ndipo aseme:
"Kibanda thelathini na moja
ukikaa unaipa barabara mgongo.
Lori za mchanga zinarudi nyuma pale.
Zinapiga honi. Nyinyi mnaruka. Nyanya..."

Kumi na mbili.

Mkono wangu ukasimama juu ya kengele.
Nusu ya muda ilikwenda kwa mikono, nusu kwa mtoto;
tulimpa mbili, akapata moja.

"Piga," akasema Amugune, si kwa ubaya.
"Ukimwongezea huyu, kesho ataomba mwenye goti,
keshokutwa mwenye deni,
mwishowe mwenye shemeji kaunti
atapata ugonjwa wa kutosha kibanda cha kona."
Watu wakaguna. Mtu huyo tunamjua.
Tunamjua kwa jina.

Nyumbani nina droo ya saa za watu.
Moja hukimbia, moja huzembea,
moja hulala usiku ikaamka na aibu.
Nikitaka zote ziseme saa nne kwa pamoja
siwezi kuzigusa sawa:
hii ncha ya kibano tu, ile naifungua kifua kizima.
Hilo ndilo nililotaka kusema.
Nikasimama. Nikasema, "S-s-s-saa..."
na soko zima likasubiri.
Likasubiri sana.
Hakuna aliyenipimia; saa ilikuwa mkononi mwangu.

Sikuimaliza sentensi.
Niliilaza kengele chali, ulimi nje,
nikamwashiria mtoto aendelee.

Mideva hakunishukuru.
"Anasema msimhurumie," Kageha akasema.
"Anataka kona, aone pande mbili.
Na bei ya ndizi hatapunguza."

Kona ilimwangukia Kasaya, mjane,
aliyeichota kwa haki, aliyemshukuru Mungu kwa sauti.
Hakuna aliyethubutu kumtazama.
Alikuwa akifunga fundo la leso yake,
akilifungua, akilifunga.
Mwenyekiti akasema tutarudi Alhamisi.

Jioni Amugune alipita kwangu.
"Mke wangu akaniambia," akaanza.
Nikafunga droo ya saa,
nikamsogezea kigoda.